Retina Imekonda na Fainali Inakaribia

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijafanya ujinga, au unitoe kwenye ujinga nilioshaufanya, maana kwa sasa mimi mwenyewe sijui niko wapi kati ya hayo mawili. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, nina mume na watoto wawili, siku za kazi ni mkaguzi katika kiwanda cha mashuka, yaani nasimama kwenye meza yenye taa kali, kitambaa kinapita mbele yangu nami natafuta uzi uliokatika, na mwisho wa wiki ni refa wa mpira wa miguu, kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na minne, na kama unaujua mpira basi unajua kwamba katika miaka hiyo walioniita kipofu ni wengi kuliko walioniita kwa jina langu. Nimezoea. Kuna kocha aliwahi kunikabidhi miwani ya mama yake mbele ya uwanja mzima, nikaijaribu, nikamrudishia pamoja na kadi ya njano, na jioni nikamsimulia mume wangu tukacheka mpaka tukalia.

Sasa sicheki, mshauri. Wiki saba zilizopita, katika mechi ya kawaida kabisa, beki alibutua mpira ukanipata kwenye paji la uso upande wa kulia, nikayumba, mashabiki wakashangilia kama goli limeingia, nikasimama na kuendelea kuchezesha kwa sababu refa akitoka uwanjani kwa kupigwa mpira mmoja atasemwa hadi anazikwa. Tangu siku hiyo nikawa naona vimwanga pembeni mwa jicho la kulia, kama mtu ananipiga picha kwa kificho, na vidoa vyeusi vinavyoelea, nikigeuza jicho navyo vinageuka, na kule kiwandani nikaanza kukataa mashuka mazima. Msimamizi wangu alinifuata akaniuliza, "Dada, hili shuka lina kosa gani?" Nikamwambia lina doa. Akalitazama mbele, akalitazama nyuma, halafu akanitazama mimi.

Ndipo nikaenda kwa mpima macho, nikijidanganya kwamba nahitaji lenzi mpya, maana mimi sioni mbali tangu utotoni na bila miwani yangu mizito, au zile lenzi za kubandika machoni ninazovaa uwanjani, siwezi kutofautisha kipa na nguzo ya goli. Mpima macho akanitazama kidogo tu akanipeleka kwa daktari wa macho, mwanamama asiyepoteza maneno. Daktari akanitia matone ya kutanua mboni, akanimulika mpaka nikaona rangi ambazo hazina jina, kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia mashuka, akasema, "Basi utanielewa haraka. Jicho lako ni refu kupita kawaida. Retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, umevutwa ufuate urefu huo. Ni kama shuka dogo lililotandikwa kwenye kitanda kikubwa. Pembeni limekonda, na kwenye jicho la kulia limetoboka mara mbili."

Nikamuuliza kama ni la kutisha. Akasema wengi wenye retina iliyokonda hawaguswi kabisa, wanaambiwa tu warudi kila mwaka. "Lakini wewe una matundu, umepigwa mpira, unaona vimwanga, na umeniambia baba yako alipoteza jicho kwa retina kubanduka. Ningeshauri tuyazungushie leza hayo matundu wiki hii."

"Wiki hii hii?"

"Ningesema leo, ila naona umeshautazama mlango mara tatu."

Akanieleza bila kunificha kitu: leza inachoma vijialama vidogo kuzunguka tundu, vikipona vinaigandisha retina mahali pake, ili maji ya ndani ya jicho yasipenye kwenye tundu na kuibandua. Haitaniongezea kuona hata kidogo. Haitoi uhakika kamili. Inapunguza hatari, basi. Na baada yake, wiki mbili bila kukimbia wala kupigwa mipira. Akanipa fomu ya kutia saini. Nikaikunja, nikaiweka kwenye begi langu la uwanjani chini ya soksi, na iko huko mpaka leo, wiki ya tano hii.

Kwa sababu, mshauri, siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimepokea barua ya kamati ya waamuzi kwamba mimi ndiye nitakayechezesha fainali ya kombe. Hakuna mwanamke aliyewahi kuchezesha fainali hiyo. Nimeingoja miaka kumi na minne, nimechezesha kwenye matope, nimechezesha na mimba ya miezi minne bila kumwambia mtu, na sasa imekuja pamoja na matundu mawili. Nikajua neno "leza" likifika kwenye kamati nimekwisha, na likifika kwa mashabiki kila penalti niliyowahi kutoa itafukuliwa.

Sasa ngoja nikuambie la aibu. Kamati hupima macho kabla ya fainali. Mimi nilifika mapema, nikaupiga picha ubao wa herufi kupitia dirishani, nikazikariri nikiwa msalani, na zamu yangu ilipofika nikazisoma kwa mbio moja mpaka mpimaji akaniambia, "Dada, pole pole, huo mstari sijakuonyesha bado." Nikafaulu. Mimi, ambaye nimewapa kadi wachezaji wangapi sijui kwa kujiangusha.

Nimeomba ushauri kila mahali. Mume wangu ni fundi friji, mtu mwema, akasema, "Mimi friji linalopoza silifungui. Jicho linaona, unalichoma la nini?" Msaidizi wangu uwanjani, ambaye sote tunamwita Kibendera, ameusoma ugonjwa wote kwenye simu, ananiletea karoti kila mazoezi, ananifundisha kuzungusha macho kama saa, na ameniapia kwamba binamu wa jirani yake alichomwa leza akapofuka, ingawa nilipomdodosa akakiri kwamba huyo binamu alikuwa na kisukari cha miaka ishirini. Mwenzangu wa pale kiwandani akasema nimwachie Mungu. Baba yangu tunaishi naye, ni mchoraji mabango mstaafu, jicho lake la kulia lilizimika miaka kumi na tisa iliyopita, akitaka kukutazama anageuza kichwa kizima, na yeye sijamwambia lolote kwa sababu sitaki kumkumbusha.

Fainali ni siku kumi na moja kutoka leo. Nimewaza nichezeshe kwanza, halafu Jumatatu yake niende kwa daktari kama mtu mwenye akili. Dakika tisini tu, mshauri. Lakini tangu juzi vile vidoa vimeongezeka. Sijavihesabu. Niambie nifanyeje, na tafadhali usinionee huruma, kwa sababu nikihurumiwa nitalia, na nikilia lenzi zinatoka.

Wako,
Refa

*

Mwanangu refa,

Jibu hili nimekutumia kwenye simu saa ile ile nilipomaliza kusoma, kwa sababu gazeti hutoka Jumamosi na retina yako haina habari ya Jumamosi. Hapa nalichapa kama lilivyokwenda.

Nianze na pongezi. Nimekaa kwenye meza hii miaka mingi, nimeandikiwa na watu walioiba mtihani kwa sababu hawakujua majibu. Wewe ni wa kwanza kuniandikia kwamba umeiba mtihani ambao ungeufaulu ukiwa umelala. Ukonde wa pembeni mwa retina hauonekani kwenye ubao wa herufi, mama! Ukiwa na lenzi zako ungesoma mpaka jina la kiwanda kilichochapa ule ubao. Badala yake ukajifungia msalani kukariri herufi, ukazisoma kabla hujaulizwa. Mchezaji akijiangusha angalau huwa kuna beki karibu. Wewe umejiangusha peke yako katikati ya uwanja mtupu.

Halafu hebu tutazame kalenda. Siku daktari alipokuambia, fainali ilikuwa wiki sita na nusu mbele yako. Alikuomba wiki mbili. Ungekaa kwenye kile kiti siku ile, leo ungekuwa unakimbia, umepumzika, una barua ya daktari mkononi na muda umebaki wa kupiga pasi kaptula yako ya urefa. Umeilinda fainali yako kwa bidii mpaka umeipoteza mwenyewe. Hakuna adui aliyewahi kukufanyia hivyo, hata yule wa miwani ya mama yake.

Salamu zangu kwa mumeo. Mwambie nimeuelewa ufundi wake, na ninamheshimu fundi yeyote asiyefungua kitu ovyo. Lakini friji lake likizima anaongeza gesi, likigoma anabadilisha mota, na likifa kabisa mwenyewe ananunua jingine. Muulize macho ananunulia duka gani, nami nina haja nalo.

Na huyo Kibendera. Karoti ni chakula kizuri, tafuna, zitakusaidia tumboni. Lakini hata ukitafuna shamba zima hakuna kipande kitakachotembea mpaka nyuma ya jicho kikazibe tundu. Kuzungusha macho kama saa kutakusaidia siku ukiajiriwa kuwa saa. Na yule binamu wa jirani, msomi wetu wa simu alishindwa kusoma mstari mmoja tu, kwamba mgonjwa wa kisukari cha miaka ishirini alikwenda kutibiwa ugonjwa mwingine kwa sababu nyingine, na huenda macho yalishaharibika kabla hajaiona hiyo leza. Mwenzako wa kiwandani simgusi. Nauliza tu, huko kwa Mungu ulikopeleka maombi, huoni kwamba majibu yalishakuja, yamevaa koti jeupe, yakakupa na fomu?

Sasa niweke kejeli pembeni kidogo, maana umeniomba nisikuhurumie na mimi si mtu wa kutii kila ninachoambiwa. Najua unaogopa. Najua jicho ni jicho, na mtu kukuambia akupige miale kwenye kitu kinachoona vizuri ni jambo la kumtoa jasho yeyote. Najua pia maana ya kungoja miaka kumi na minne mlangoni, ukasikia kitasa kinageuka, kisha ukaambiwa usubiri tena. Ningekuwa karibu ningekushika mkono. Uamuzi wako ni mgumu, lakini ugumu wake si ule unaouhangaikia. Wewe unauliza "leza au fainali". Swali halisi ni kama unataka kuendelea kuwa na kazi mbili za kuona au ubaki na hadithi moja ya kusimulia.

Na kuna jambo limenishangaza kuliko yote. Umemuuliza fundi friji. Umemuuliza mshika kibendera. Umemuuliza mwenzako wa mashuka. Umeniuliza mimi, mtu usiyenijua, ninayekaa kwenye chumba chenye feni mbovu. Na mtu mmoja tu duniani ambaye jambo hili limempata kwenye kichwa chake anaishi nyumba moja na wewe, mnakunywa chai kutoka birika moja, na huyo ndiye uliyemficha. Eti usimkumbushe! Mzee anageuza kichwa kizima kila akitaka kukutazama, wewe unadhani ameshasahau kwa nini?

Basi sikiliza, na usibishane nami maana mimi sina kadi lakini nina kalamu. Mimi si daktari. Nimempigia anayejua, naye ameniambia hivi: vidoa vinapoongezeka ghafla kwa mtu mwenye matundu tayari, hiyo si habari ya wiki ijayo. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, piga simu kliniki, sema maneno haya haya: "Vidoa vimeongezeka tangu juzi." Usiseme "kidogo". Usiseme "labda ni uchovu". Leo hukimbii, hubebi marobota ya mashuka, huendi mazoezini. Ukifika kwa daktari, muulize kila kitu unachokiogopa, kwa nini jicho hili na si lile, hatari ya kuchomwa ni ipi na ya kutochomwa ni ipi, na usikilize mpaka mwisho bila kutazama mlango. Ukiona kivuli kinashuka au kinapanda upande wowote wa jicho, usinipigie mimi, usimpigie Kibendera, nenda moja kwa moja. Kisha iandikie kamati ukweli, wote, pamoja na dirisha na msala. Watakuadhibu, na watakuwa na haki.

Lakini kabla ya yote hayo ingia sebuleni ukae mbele ya baba yako. Upande wa jicho linaloona.

Mshauri

*

Mshauri,

Nililisoma jibu lako mara mbili, ya kwanza nimekasirika, ya pili nimekaa chini. Nimechukua wiki tatu kukuandikia kwa sababu nilitaka nikueleze mambo yaliyokwisha, si yanayoendelea.

Nilikuta Baba anasikiliza redio. Ilikuwa saa tisa mchana, watoto hawajarudi shuleni. Nikakaa mahali uliponiambia nikae, nikamuuliza, "Baba, lile jicho lako lilianzaje?" Akazima redio. Sikumbuki lini mara ya mwisho alizima redio kwa ajili ya mtu.

Akasema, "Vimwanga. Nikadhani ni jua linapiga kwenye rangi nyeupe. Halafu vidoa, nikadhani nimerukiwa na rangi. Siku ya tatu kivuli kikashuka kutoka juu taratibu, kama mtu anateremsha pazia. Nilikuwa juu ya ngazi, nachora bango la kiwanda cha sabuni, nimebakiza maneno mawili. Nikasema nikimaliza ndiyo niende."

"Ulimaliza?"

"Nilimaliza. Lilikuwa bango zuri. Mwaka uliofuata wakalipaka chokaa."

Nikamweleza yote kwa pumzi moja, matundu, fomu, herufi, fainali. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Wiki zote hizi, kwa nini hukuja kwangu?" Nikasema sikutaka kumkumbusha. Akageuza kichwa akanitazama vizuri. "Mwanangu, unadhani kuna asubuhi naamka nimesahau?" Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi, sijui tangu saa ngapi. Aliiweka bisibisi juu ya kabati akaenda kuwasha gari, na mimi nikawapigia kliniki nikiwa njiani, nikasema maneno yale yale bila kuweka "kidogo".

Tulikwenda watatu. Daktari alinimulika, kisha akasema tundu moja limeanza kuingiza maji pembeni. "Kidogo tu. Bado linazungushika." Nikamuuliza, "Na ningengoja fainali ipite?" Akasema, "Sijui. Nawe ulitaka kwenda kujua ukiwa uwanjani?"

Nikatia saini. Alinitia matone ya ganzi, akanikalisha kidevu kwenye kishikio, akabandika lenzi nzito kwenye jicho, halafu ikaanza miale ya kijani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kama mtu ananipiga kidole nyuma ya jicho, si maumivu ya kulia ila si raha pia. Dakika kumi na tano. Kutafuta sababu za kutokwenda kulinichukua wiki tano. Nilipotoka jicho lilikuwa haliioni dunia, kila kitu zambarau, Baba akanishika mkono mpaka kwenye benchi. Nikamwomba daktari achome na la kushoto tumalize kabisa, akakataa. Akasema hilo limekonda tu, halina tundu wala dalili, tutaliangalia, leza si rangi ya kupaka nyumba nzima. Vidoa vingine bado viko, ameniambia vingine nitazeeka navyo. Nimejifunza kulitikisa shuka kwanza kabla sijalikataa.

Kamati niliwaandikia siku ya pili. Katibu akanipigia akasema, "Tulijua. Ulisoma mstari wa sita tukiwa kwenye wa tatu. Tulikuwa tunangoja useme mwenyewe." Wamenivua fainali na kunisimamisha mpaka msimu uishe, kisha nirudi na barua ya daktari. Fainali alipewa mwenzangu mwanamume, akaichezesha vizuri, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kama angeharibu. Nililia kwenye stoo ya kiwanda kati ya marobota. Sitakudanganya kwamba imeniisha.

Ila kuna kitu bado sijakuandikia. Siku ile ya leza, tukiwa tumekaa kwenye benchi, daktari alitoka akamwona Baba anavyogeuza kichwa. Akamuuliza lile jicho lingine lilipimwa lini mara ya mwisho.

"Hili halina shida," Baba akasema.

"Sijakuuliza kama lina shida, mzee."

Baba akatazama sakafu. Akasema, "Miaka kumi na tisa." Mimi nilikuwa naishi naye, mshauri. Sikuwahi kuuliza. Akasema aliogopa kuambiwa kitu. "Kama sijui," akasema, "basi jicho bado ninalo." Daktari hakumhukumu, akamwingiza ndani, akamtia matone, akammulika. Mimi na mume wangu tulikaa nje tukingoja. Mlango ulipofunguliwa daktari akatueleza sote pamoja kwamba retina imekonda mahali pawili, na sehemu moja imetoboka, na kwa mtu aliyebaki na jicho moja yeye asingengoja, lakini mzee aende nyumbani akafikiri, azungumze na watoto wake, arudi na jibu.

Baba akavua kofia yake akaishika mapajani. Akasema, "Kile kiti alichokalia binti yangu, sasa hivi kuna mtu?"

Wako,
Refa

*

Mwanangu refa,

Mzee ameamua kwa sentensi moja. Wewe ulihitaji wiki tano, gunia la karoti na gazeti. Sina la kuongeza hapo, nitakuwa namharibia.

Ya fainali lia, ni haki yako, kisha ukimaliza fanya mazoezi, maana msimu ukifunguliwa watakutazama mara mbili zaidi. Kocha mmoja ameshaniandikia kuuliza refa huyo ni nani. Nimemjibu kwamba herufi zimenipotea.

Na kwenu wasomaji mlioanza kujipapasa macho: si kila anayeona kidoa ana tundu, na si kila ukonde unachomwa, mmesikia daktari mwenyewe akikataa jicho la kushoto. Lakini ukiona vimwanga, au vidoa vingi vipya, au kivuli, tafuta daktari siku hiyo hiyo. Ndugu yako akiwa amewahi kupata hilo, mwambie daktari kabla hajakuuliza. Acheni kunitumia picha za macho yenu. Sioni kitu.

Wewe na Baba wekeni tarehe ya kurudi kliniki siku moja, mwende kwa gari moja, na mumeo ndiye aendeshe, kwa sababu mkishatiwa yale matone hakuna kati yenu atakayeiona njia.

Mshauri